Binti wa Kaka Yetu, Chuo cha Marekani na Posa Iliyofika Mlangoni



Mliozoea kutusoma mnatujua kwa lasi, mashono na sare za ndugu wa bibi harusi. Leo hatuandiki juu ya nguo. Mama mmoja wa Pemba ametuandikia akiuliza: binti yake amepata Division One, anataka kuomba chuo kikubwa cha Marekani, na wakati huo huo kuna watu wamekuja kuposa. Amwache ajaribu, au asiache heri iliyokwishabisha hodi? Swali hili tumelala nalo na kuamka nalo tangu Julai iliyopita, kwa hiyo tumeona tumjibu hapa hapa, maana mwenye swali kama hilo si yeye peke yake.

Sisi ni ndugu wawili wa Unguja tulioolewa bara. Mmoja wetu ana duka la kushonea Maili Moja, Kibaha, na mwengine ana lake Kisarawe mjini. Elimu yetu ni kidato cha nne na kozi ya ushonaji. Chuo kikuu tunakijua kwa kushona magauni ya mahafali ya watu. Kila tunachosema hapa tumekwenda kukiuliza kwa wanaojua, na pale tulipoambiwa vitu viwili tofauti tuliuliza tena.

Binti mwenyewe ni mtoto wa kaka yetu, Mungu amrehemu. Mama yake yuko Unguja, yeye tumemlea sisi: siku za shule bweni, likizo nusu Kibaha na nusu Kisarawe. Amesoma PCM, Fizikia, Kemia na Hesabu. Mei 2024 alifanya mtihani wa kidato cha sita, Julai matokeo yakatoka: One ya pointi 4, yaani A mbili na B moja. Nyumba ilijaa vigelegele, na pilau ikapikwa hata na majirani ambao hatusemezani nao sana.

Jioni ile ile akatwambia anataka kuomba MIT, Harvard na Yale.

Hapa Pwani watu tumezoea shule za kuchagua. Kibaha kuna Kibaha Sekondari, shule ya wavulana wa vipaji maalumu, iliyotokana na mradi wa nchi za Nordic na Tanganyika wa mwaka 1963. Rais Kikwete alisoma pale kuanzia 1966 hadi 1969. Kisarawe kuna Minaki, ambayo asili yake ni chuo cha wamisionari kilichokuwa Kiungani, kwetu Unguja, kabla ya kuhamishiwa bara. Mzazi wa huku anajua vizuri habari ya mtoto kuchaguliwa. Lakini anaijua kwa njia moja: pointi. Ukiwa nazo unakwenda, huna hubaki. Ndiyo maana wote waliokuja kutupongeza walisema, "One ya nne? Huyo tayari yuko Marekani."

Sivyo ilivyo. Mwaka ule ule wa 2024 Harvard ilipokea maombi 54,008 na kukubali watu 1,937. Tuligawa kwa kikokotoo cha dukani: kila watu 28, mmoja. Yale hali ni hiyo hiyo. MIT huchapisha hesabu za wanafunzi wa nje peke yao, na hao ni karibu wawili tu katika kila mia. Na hao mia wote, karibu kila mmoja ni wa kwanza darasani kwao. A ziko kwa kila mtu. A ndiyo nauli ya kupanda gari, haikuhakikishii kiti.

Ami yake, ambaye ndiye walii wake, aliposikia moja kwa ishirini na nane akasema hiyo ni bahati nasibu, na bahati nasibu kwetu inajulikana hukumu yake. Tulicheka, lakini tulimpinga. Kwenye bahati nasibu tiketi zote ni sawa na mkono unachota bila kuona. Hapa kuna watu wanakaa wanasoma karatasi za mtoto moja moja. Kwa hiyo ile moja kwa ishirini na nane si yake yeye. Ni ya lundo zima, na ndani ya lundo kuna wenye nafasi kubwa na wenye nafasi ambayo ni kama hakuna. Kazi yetu ilikuwa kujua yeye yuko upande gani, kama vile bei ya gauni huwezi kuisema kabla hujajua bibi harusi ana urefu gani na anataka mkia au hataki.

Kwanza tulianza na fedha. Kwa kuwa sisi ni wafanyabiashara, tulihisi huko ndiko wengi wanakodanganyika. Mwaka mmoja wa Harvard, ada, chakula na malazi, unapita dola 80,000. Duka letu haliwezi, na hata tukiuza cherehani, overloki na nyumba ya Kisarawe hatufiki. Lakini vipo vyuo vichache vya Marekani ambavyo wakati wa kuamua nani aingie haviangalii mfuko wa mzazi hata kama mtoto ni wa nje, na ukishakubaliwa vinakulipia kile ambacho familia haiwezi. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst na Dartmouth vimo. Vyuo vingine vingi, tena vizuri, vinaangalia: ukiomba msaada mkubwa, nafasi yako inapungua. Kwa hiyo binti wa fundi cherehani anaweza kujikuta chuo kigumu kuliko vyote ndicho anachoweza kukimudu, na kile "chepesi" hakiwezi kabisa. Lilitushangaza jambo hili kuliko yote. Mama wa Pemba, ukikumbuka kitu kimoja katika maandishi haya, kiwe hiki: kabla hujauliza mtoto atakubaliwa au la, uliza chuo hicho kina msimamo gani juu ya msaada kwa wanafunzi wa nje. Uingereza tuliitazama kidogo tu. Ada ya mgeni kule na udhamini wa digrii ya kwanza ulivyo haba, tukafunga ukurasa.

Halafu mtihani. MIT, Harvard na Yale zimerudisha masharti ya mtihani, na unaojulikana zaidi ni SAT. Ada yake kwa mtu wa nje inapita dola 100, na kwa kitambulisho alitumia pasipoti, ambayo hapa ni shilingi 150,000, achilia mbali kuhangaikia cheti cha kuzaliwa. Alifanya Oktoba. Alipata 1390 katika 1600: Hesabu 740, Kiingereza 650. Ni alama nzuri sana kwa mtoto aliyejisomea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Lakini wengi wanaoingia Harvard wanaanzia 1500. Tulimwambia hivyo hivyo bila kumpaka mafuta. Walio kule wanasema alama husomwa pamoja na mahali mtoto alipotoka, na 1390 ya Pwani haisomwi kama 1390 ya shule ya matajiri wa New York. Tunaamini ni kweli. Hata hivyo 650 inabaki 650.

Kilichobaki ni karatasi zenyewe, na hapa ndipo malezi yetu yanapokutana na mambo ya watu wengine. Fomu wanayotumia wengi ina nafasi kumi za shughuli unazofanya nje ya darasa, na insha ya maneno yasiyozidi 650 ya kujieleza wewe ni nani. Binti yetu aliandika shughuli mbili: mjadala wa shule na mpira wa pete. Zile nane akaziacha wazi.

Tukamuuliza, na madrasa? Tangu kidato cha tatu kila likizo anafundisha watoto wadogo Kisarawe, alasiri mpaka magharibi. Na daftari la hesabu la duka la Kibaha? Yeye ndiye aliyelihamishia kwenye simu, yeye ndiye anayetupigia kelele kuhusu wadaiwa. Na kumuuguza bibi yake miezi minne? Akasema, "Shangazi, hiyo si kazi ya nyumbani tu? Nitaandikaje kujisifu?" Fomu ile ina sehemu maalumu ya majukumu ya familia na ya kazi ya kujipatia kipato. Wenzake wa kwengine wanaandika hata kuosha gari la baba. Sisi mabinti zetu tunawafunza kunyamaza, anayejitaja tunamwita mjuba, halafu tunashangaa karatasi yao ikiwa nyeupe. Hatusemi waache heshima. Tunasema kusema kweli juu ya kazi uliyoifanya, kwa mtu aliyekuuliza, si majivuno.

Barua za walimu nazo zina shida yake. Mwalimu wa darasa lenye watoto wengi, ambaye hajawahi kuombwa barua ya namna hii, anaandika mistari mitano: ana nidhamu, ni mtiifu, anafaulu. Anakusudia wema. Ila kule barua kama hiyo inasomeka kama mtu aliyekosa la kusema. Tulimwomba mwalimu wake wa Hesabu, kwa adabu zote na soda ya baridi, aandike kisa kimoja tu anachokikumbuka. Akaandika jinsi binti alivyombishia ubaoni juu ya swali moja na ikaonekana binti ndiye aliyekuwa sahihi. Barua ile tuliisoma tukalia.

Kuna wakala mmoja wa mjini, hatumtaji, aliyetaka shilingi milioni moja na nusu "kuhakikisha nafasi". Hatukumpa. Ubalozi wa Marekani Dar es Salaam una ofisi ya ushauri inayoitwa EducationUSA, na ushauri wake hauuzwi. Ada za maombi nazo unaweza kuomba usamehewe ukieleza hali ya nyumbani, na alisamehewa. Anayekuhakikishia nafasi katika chuo kinachokubali mmoja kwa ishirini na nane anakuuzia upepo.

Kwa hiyo tukakaa siku moja Kibaha, sisi wawili, ami na mama yake kwa simu kutoka Unguja, tukasema hukumu yetu mbele yake. Kwa tulivyopima, nafasi yake katika chuo kimoja kimoja ni ndogo kuliko moja kwa ishirini na nane, kwa sababu ya alama ya Kiingereza na kwa sababu ni wa nje. Si sifuri. Ukijumlisha vyuo vyote vinavyolipa, bado uwezekano mkubwa ni kukataliwa kote. Alisikiliza, macho yakamjaa machozi, akasema, "Najua, shangazi. Nilitaka nisikie na nyinyi mnajua."

Swali likawa: je, nafasi ndogo kama hiyo inastahili mwaka mzima? Maana bei yake halisi haikuwa dola wala pasipoti. Ilikuwa mwaka. Mtihani ni Mei, matokeo Julai, maombi ya Marekani yanafungwa mwanzoni mwa Januari, na masomo yanaanza Agosti au Septemba inayofuata. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinaanza mapema zaidi. Ukishaanza digrii hapa, vyuo vingi vya kule vinaweza kukuhesabu mwanafunzi wa kuhama, na mlango wa kuhama ni mwembamba hata kuliko ule wa kwanza. Kwa hiyo ilibidi aache dirisha la mwaka 2024 lipite na akae nyumbani.

Tulisema ndiyo, mara moja tu. Angepata SAT 1200 tungesema hapana na tungemsindikiza wenyewe Mlimani. Lakini matokeo ya kidato cha sita hayaozi, Julai hii anaomba vyuo vya ndani kwa cheti kile kile. Na safari hii orodha yake imeongezeka: IIT Madras, chuo cha Kihindi kinachojulikana kwa mchujo mkali, kilifungua tawi lake la kwanza nje ya India Zanzibar mwaka 2023, wanafundisha sayansi ya data na akili bandia. Kina mtihani wake na usaili, na ada yake ya digrii ya kwanza ni dola 12,000 kwa mwaka, kwa hiyo bila mdhamini hatuendi. Ila fikirini, mtoto wa Unguja aliyekwenda bara anatafuta chuo cha kimataifa na chuo kiko Unguja.

Na mwaka huo haukukaa mtupu. Miezi mitatu ya mwanzo ilikwenda JKT Ruvu, hapo Mlandizi. Amerudi mweusi, mkakamavu, anaamka kabla ya adhana.

Sasa posa.

Binti akikaa nyumbani baada ya kidato cha sita, watu wanahesabu miezi. Mwezi wa Novemba ikaja familia ya Unguja, watu wa dini na wa heshima, kijana ana kazi yake, na tabia yake tulipoiulizia tuliambiwa mazuri. Mama yake alikuwa mteja wetu, hata ukubwa wa kiganja chake tunaujua.

Wakubwa wa familia wakagawanyika. Wengine walisema: nafasi ya chuo ni ndogo, nyinyi wenyewe mmesema, mume yuko mlangoni, basi aolewe. Wengine wakasema waposaji wasubirishwe mpaka Machi majibu yatoke, akikosa, aolewe. Sisi tulipinga yote mawili, na hili la pili tulilipinga zaidi. Mume si tairi la spea. Ukimwambia kijana wa watu "subiri tuone kama Marekani watamkataa", umemvunjia heshima yeye na umemwambia binti kwamba ndoa ni adhabu ya kufeli. Akiingia nyumba ile baada ya barua nne za kukataliwa, ataiona kila siku kama barua ya tano. Posa inajibiwa kwa mambo ya posa: dini yake, tabia yake, na je, moyo wa binti unamtaka. Chuo kinajibiwa kwa mambo ya chuo.

Wale waliosema akisoma hataolewa, na akiolewa hatasoma, tuliwakumbusha mama Samia. Aliolewa mwaka 1978. Mzumbe alimaliza 1986, na Manchester, Uingereza, alikwenda 1992, ni mke na mama. Na ami aliposema kukataliwa ni aibu tulimtajia Profesa Ali Mazrui wa Mombasa. Alipata matokeo hafifu ya sekondari, Makerere ikamkataa. Akasoma Manchester, Columbia na Oxford, kisha akarudi Makerere kuwafundisha.

Binti aliswali istikhara, alikaa siku kadhaa kimya. Akatwambia kijana anamridhia, lakini anataka kusoma, popote itakapokuwa, Dar, Unguja au mbali, na anataka jambo hilo lisemwe kabla ya ndoa, lisiwe la kuombana baadaye. Tulikwenda kwa sheikh wa msikiti wa hapa Maili Moja. Akasema sharti kama hilo binti anaweza kuliweka wakati wa kufunga ndoa, mume akilikubali limfunge, na liandikwe. Mabibi harusi wengi mnaotuletea vitambaa hamjui hata kama mna haki ya kuuliza. Muulizeni sheikh wenu, na muulize mapema, si siku ya henna.

Ami akalipeleka neno Unguja. Tulidhani watakasirika. Kijana aliomba siku tatu, akajibu kwamba Dar na Unguja hana neno, na la mbali anaomba walizungumze wawili, mbele ya ami, kama barua ikija. Hakusema ndiyo yote na hakusema hapana. Mama yake alitupigia baadaye kuuliza Boston kuna baridi kiasi gani. Uchumba umekubaliwa, ndoa haijapangiwa tarehe.

Fomu zilikwenda tarehe 29 Desemba, kwa bando la usiku, Kisarawe, umeme ukikatika mara mbili. Hata barua ikija nzuri, viza ni mlango mwengine kabisa wenye walinzi wake, na masharti yake hubadilika. Hilo tutalipima likifika.

Majibu ya vingi tumeambiwa ni mwishoni mwa Machi, ndani ya kumi la mwisho la Ramadhani. Kwa mwaka huu binti ndiye anayeandika oda zote za Idi, kwa hiyo wenye vitambaa vileteni kabla ya nusu Shaabani. Baada ya hapo hapokei, na sisi hatumwingilii.